Kusawazisha saa kwenye linki za maikrowevu za mtandao wa redio: mwongozo kamili kwa mafundi wa Dar es Salaam

Dalili huwa zile zile. Mwongoza magari yuko mezani Posta, anaongea na dereva aliyeko Mbezi kwa redio koli, na kila baada ya muda fulani sauti inakatika kwa mlio mfupi, kisha inaendelea. Laini ya data inayopita kwenye linki hiyo hiyo inadondoka na kurudi. Fundi anafungua skrini ya redio ya maikrowevu anakuta nguvu ya mawimbi iko kama siku ya makabidhiano, hewani hakuna makosa ya biti, na anga ni jeupe. Hapo ndipo mtu anapovalishwa mkanda na kupandishwa mnarani kugusa dishi.

Ninaandika mwongozo huu ili huyo mtu asipandishwe bure. Kupanda makumi ya mita za chuma kwenye jua la saa saba mchana ni kazi ya hatari, na haifai kuifanya kwa ajili ya tatizo lililo kwenye menyu ya kifaa kilichokaa chini ndani ya kibanda. Kukatika kunakojirudia kwa vipindi sawa, huku linki ikionekana nzima, karibu kila mara ni saa mbili zinazopishana. Dawa yake ni moja: mtandao mzima ufuate mapigo ya saa moja, na kila kifaa kijue mapigo hayo yanamfikia kutoka upande gani.

Mfano nitakaoutumia ni mduara wa saiti nne: Posta, Kigamboni, Pugu na Mbezi, kisha unarudi Posta. Saiti ni za mfano tu, lakini mpangilio wake ni wa kawaida mjini hapa: kituo cha uongozi katikati ya mji, saiti moja ng'ambo ya bandari, nyingine kwenye vilima vya Pugu, na moja kando ya Barabara ya Morogoro.

Kwanza elewa kinachoteleza

Laini ya E1, yaani laini ya kidijitali inayobeba chaneli nyingi za sauti kwa pamoja, hupitisha biti 2,048,000 kwa sekunde. Biti hizo hupangwa katika fremu 8,000 kwa sekunde, kila fremu ikichukua mikrosekunde 125. Kifaa kinachopokea huzihifadhi fremu kwa muda mfupi kwenye bafa, kisha huzisoma kwa kasi ya saa yake chenyewe. Bafa hiyo ni kama simtanki juu ya paa: pampu inajaza, bomba linatoa. Pampu ikimzidi bomba hata kwa tone, siku moja tanki litafurika. Bomba likizidi, litakauka. Bafa ikifurika, fremu nzima hutupwa. Ikikauka, fremu ile ile husomwa mara mbili. Huo ndio mtelezo.

Kwa mazungumzo ya kawaida mtelezo mmoja ni mlio mdogo tu. Kwa data ni paketi iliyoharibika, inayopaswa kutumwa upya. Kwa mawasiliano yaliyofichwa kwa ufunguo ni balaa zaidi, kwa sababu pande mbili zinaweza kupotezana na kuhitaji muda kupatana tena, na sentensi nzima ya askari au mzimamoto ikapotelea hapo.

Hesabu ya mitelezo ni rahisi na kila fundi anapaswa kuijua kwa moyo: gawa mikrosekunde 125 kwa tofauti ya kasi kati ya saa mbili. Tofauti ikiwa 1 kwa milioni, utapata mtelezo kila baada ya sekunde 125, yaani dakika mbili na sekunde tano. Ikiwa 4.6 kwa milioni, ambao ndio mpaka unaoruhusiwa kwa saa ya kawaida ya ndani ya kifaa cha mawasiliano, mtelezo unakuja kila baada ya sekunde 27. Saa mbili za daraja la juu kabisa, kila moja ikiwa na kosa lisilozidi 1 kwa bilioni 100, zikipishana kwa upeo wake zitateleza mara moja tu katika siku 72. Kwa hiyo pengo kati ya mtandao uliopangwa na usiopangwa ni pengo kati ya sekunde na miezi.

Jiulize unahitaji saa ya aina gani

Kuna mahitaji matatu tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea watu wiki nzima.

La kwanza ni kasi: mapigo yaende kwa mwendo mmoja, bila kujali yameanza lini. E1 inahitaji hili tu. Mitambo mikubwa ya simu za mkononi nayo inahitaji hili, ambapo masafa inayorusha hewani hayatakiwi kukosea zaidi ya 50 kwa bilioni.

La pili ni awamu: pigo lenyewe litokee kwa wakati mmoja kila saiti. Mitandao ya 4G na 5G inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yale yale inataka awamu ndani ya mikrosekunde 1.5 juu au chini. Mifumo ya redio koli ambapo saiti kadhaa hurusha sauti ile ile kwenye masafa yale yale kwa pamoja nayo inahitaji awamu, la sivyo anayesimama katikati ya saiti mbili husikia mkwaruzo badala ya maneno.

La tatu ni saa ya ukutani: tarehe, saa, dakika. Hii ndiyo NTP, njia ya kupeana saa kupitia mtandao wa data, inayoshughulika nayo. NTP itakupa kumbukumbu za matukio zenye muda sahihi, na hilo ni jambo jema, lakini haitaondoa mtelezo hata mmoja kwenye E1. Ukimsikia mtu anasema saa ziko sawa kwa sababu skrini zote zinaonyesha dakika moja, mwelekeze kwenye kaunta za mitelezo.

Chagua saa mama, na uiweke vizuri

Kwa mtandao wa ukubwa wa mfano wetu, saa mama, yaani ile ambayo nyingine zote huifuata, ni kipokezi cha GPS chenye osileta (kitoa mapigo) nzuri ndani yake. Kiwekwe Posta, kwenye kituo cha uongozi. Cha pili kiwe Pugu, kwenye jengo lingine na umeme mwingine. Njia mbadala ni kuchukua mapigo kutoka kwenye laini ya mtoa huduma mkubwa, mradi akuhakikishie kwa maandishi kwamba laini hiyo imefungwa kwenye saa ya daraja la juu. Asipoandika, usiitumie kama saa mama.

Antena ya GPS inahitaji anga, na katikati ya mji anga ni adimu. Ukiiweka ubavuni mwa jengo refu Posta, itapokea mawimbi yaliyogonga vioo vya jengo la jirani, na kipokezi kitahesabu makosa huku kikionyesha taa ya kijani. Ipandishe juu ya kila kitu kilicho paani: matanki, viyoyozi, kuta za lifti. Iweke mbali na uso wa dishi linalorusha. Kebo yake ipitie kizuia radi kilichofungwa vizuri ardhini, na viungio vifungwe kwa utepe wa kuzuia maji, maana chumvi ya bahari inakula shaba huku Kigamboni na Posta kwa haraka ambayo mtu wa bara hawezi kuiamini.

Pima urefu wa kebo kabla ya kuipitisha. Mapigo huchukua takriban nanosekunde 4 hadi 5 kwa kila mita ya kebo, kwa hiyo kebo ya mita 40 inachelewesha kwa nanosekunde 160 hadi 200. Kwa E1 haijalishi. Kwa kazi ya awamu, andika thamani hiyo kwenye menyu ya kipokezi.

Halafu kuna swali la setilaiti zinapopotea. Antena itavunjwa na upepo, kebo itakatwa na fundi wa paa, au baada ya jua kutua tabaka la ionosfia litatikisa mawimbi, jambo linalojulikana katika ukanda wa tropiki. Hapo kipokezi kinaendelea kwa kumbukumbu ya osileta yake. Ikiwa osileta hiyo inapotea kwa 1 kwa bilioni 10, itakosea mikrosekunde 8.64 kwa siku. Kwa E1 huo ni mtelezo mmoja katika wiki mbili hivi, kwa hiyo una muda wa kwenda saiti kwa utulivu. Kwa mtandao unaohitaji mikrosekunde 1.5, umebakiwa na saa nne na dakika chache. Tofauti hiyo ndiyo iamue unanunua osileta ya bei gani, si maneno ya muuzaji.

Na joto. Umeme ukikatika, betri zinabeba mitambo lakini mara nyingi hazibebi kiyoyozi, na kibanda cha bati mchana wa Januari hugeuka tanuri. Kwarzi ndani ya osileta hubadili mwendo joto linapobadilika, na hasa linapobadilika ghafla. Usiweke kipokezi cha saa mama juu kabisa ya rafu, ambako joto la kila kifaa kingine huishia.

Chora njia ya saa kwenye karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kabla hujagusa menyu yoyote, chukua karatasi. Chora kila saiti, kila kifaa ndani ya saiti, na kila kebo kati yao. Kisha kwa kalamu ya rangi nyingine chora mshale wa mapigo: yanatoka wapi, yanaingia wapi. Kila kifaa lazima kiwe na mshale mmoja tu unaoingia kwa wakati mmoja. Kifaa kisicho na mshale kinajitegemea, na ndicho kitakachoteleza. Mishale ikikutana na kufanya duara, umetengeneza kitanzi cha saa, na hicho ni kibaya kuliko kutokuwa na saa kabisa.

Katika kitanzi, Kigamboni anamfuata Pugu, Pugu anamfuata Mbezi, Mbezi anamfuata Posta, na Posta anamfuata Kigamboni. Hakuna anayeteleza, kwa sababu wote wanakubaliana. Taa zote ni kijani. Lakini hakuna anayeongoza, na kosa dogo la kila mmoja linamwongezea mwenzake, hadi kundi zima linasogea polepole mpaka ukingoni. Kisha mitelezo inatokea mahali pengine kabisa, pale ambapo kundi hilo linakutana na mtandao ulio sahihi, na fundi anahangaika kwenye saiti isiyo na kosa.

Kwa mfano wetu, karatasi inasomeka hivi. Posta anachukua GPS yake kwanza, na Kigamboni kama akiba. Kigamboni anachukua kutoka Posta kwanza, Pugu akiba. Mbezi anachukua kutoka Posta kwanza, Pugu akiba. Pugu anachukua kutoka Kigamboni kwanza, na GPS yake mwenyewe akiba. Bandika nakala ya karatasi hii ndani ya mlango wa kila rafu.

Pitisha mapigo hewani

Hapa inategemea redio za maikrowevu ni za kizazi gani.

Redio za zamani zinazobeba E1 moja kwa moja hazijali saa yako. Zinachukua kila E1 na mapigo yake, zinaijaza hewani kwa biti za nyongeza, na kuitoa upande wa pili ikiwa na mapigo yale yale. Kwa redio hizi kazi yako iko kwenye vifaa vya mwisho. Maltipleksa ya Posta, yaani kifaa kinachokusanya chaneli nyingi kwenye E1 moja, iwe saa mama, ifungwe kwenye GPS. Kila maltipleksa na kila kituo cha redio koli kwenye saiti nyingine kiwekwe kifuate mapigo ya laini inayoingia. Kosa linaloonekana sana ni pande zote mbili kuachwa kwenye saa ya ndani, kama zilivyotoka kiwandani. Kosa la pili kwa wingi ni pande zote mbili kuwekwa zifuate laini, na hapo umepata kitanzi cha watu wawili.

Redio za kisasa ni za paketi, na ndipo matatizo mengi yalipozaliwa. Mtandao uliokuwa ukienda vizuri miaka yote unabadilishiwa redio, na wiki ya kwanza sauti inaanza kukatika. Sababu ni kwamba redio mpya huifungasha E1 ndani ya paketi, na paketi hazina mapigo. Saa iliyokuwa ikipita kimyakimya haipiti tena, na hakuna aliyejua kwamba ilikuwa ikipita. Upande wa kupokea sasa lazima uyatengeneze mapigo upya, kwa moja ya njia mbili.

Njia ya kukadiria huangalia paketi zinafika kwa kasi gani na kubahatisha kasi ya mwanzo. Haihitaji kitu kingine, ndiyo maana huwa imewashwa kiwandani. Lakini mvua za masika zikija, Machi hadi Mei, au za vuli kati ya Oktoba na Desemba, redio ya 18 au 23 GHz itashusha modulesheni, yaani itapakia biti chache zaidi kwenye mawimbi, ili isikatike. Uwezo wa linki unapungua, foleni inarefuka, paketi zinachelewa bila mpangilio, na makadirio yanayumba.

Njia ya tofauti hupima mapigo ya E1 dhidi ya saa ya pamoja iliyoko pande zote mbili, na kutuma tofauti hiyo tu. Foleni haiyumbishi chochote. Sharti lake ni kwamba pande zote mbili ziwe na saa moja tayari. Nenda na njia hii, na saa ya pamoja uipitishe kwa SyncE.

SyncE hubeba mapigo kwenye waya wenyewe, katika mwendo wa biti za Ethaneti, si ndani ya paketi. Hewani, redio huyabeba kwenye mwendo wa alama zake (vipande vya mawimbi vinavyobeba biti), na mwendo huo haubadiliki modulesheni inaposhuka. Kwa hiyo mvua ikipunguza uwezo wa linki, mapigo yanabaki yale yale mpaka linki ikatike kabisa. Kwa jiji lenye mvua kama zetu, hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Yapo mambo matatu ya kuangalia ukiwasha SyncE. Kila kifaa njiani lazima kiiunge mkono. Swichi moja ya bei nafuu iliyochomekwa kati ya redio na ruta kwa sababu bandari (matundu ya kuchomeka nyaya) zilikuwa zimeisha hukata mapigo, ingawa data inaendelea kupita kama kawaida. Pili, kwenye waya wa shaba wa gigabiti upande mmoja ndio huongoza mapigo na wa pili hufuata, na vifaa hupatana vyenyewe nani awe nani. Usiviachie. Weka kwa mkono: bandari iliyo karibu na saa mama iongoze, ya upande wa pili ifuate. Kwa sababu hiyo waya wa shaba hauwezi kupeleka mapigo pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwenye mduara wenye njia ya akiba tumia nyuzi za mwanga. Tatu, vile vipachiko vya shaba vinavyochomekwa kwenye tundu la nyuzi za mwanga mara nyingi havipitishi SyncE kabisa. Angalia nyaraka za kifaa kabla ya kununua.

Washa ujumbe wa ubora

Karatasi yako ina njia za akiba, na njia za akiba bila ujumbe wa ubora ni mtego. Ujumbe huu husafiri pamoja na mapigo, kwenye biti za akiba za fremu ya E1 au kwenye paketi ndogo ya SyncE inayotumwa mara moja kila sekunde. Unamwambia anayepokea saa hii imetoka wapi. Thamani 2 ni saa ya daraja la juu, mfano GPS iliyofungwa vizuri. 4 na 8 ni madaraja ya kati. B ni saa ya ndani ya kifaa cha kawaida. F maana yake usiitumie hii.

Hiyo F ndiyo inayozuia kitanzi. Kigamboni anapomfuata Posta, humrudishia Posta F kwenye linki hiyo hiyo, ili Posta asije akamfuata anayemfuata. Vifaa hufanya hivyo vyenyewe ujumbe ukiwa umewashwa pande zote. Ukiwa umewashwa upande mmoja tu, baadhi ya vifaa hudhani ubora wa juu pale pasipo na ujumbe, na hapo kinga imeondoka. Kagua kila bandari, moja baada ya nyingine.

Angalia inavyofanya kazi GPS ya Posta ikifa. Posta anaendelea kwa kumbukumbu, lakini anaanza kutangaza daraja la chini. Kigamboni na Mbezi wanapokea tangazo hilo na kulipeleka Pugu. Pugu anaona Kigamboni ameshuka, anageukia GPS yake, na kutangaza 2. Kigamboni na Mbezi wanamgeukia yeye. Posta anapokea 2 kutoka Kigamboni na kuifuata. Mduara mzima umegeuka bila mtu kutoka nyumbani, na bila kitanzi.

Muda wa kusubiri kabla ya kurudi kwenye njia ya kwanza uache kwenye dakika 5, ambao ndio wa kawaida. Linki inayovuka maji, kama ile ya kwenda Kigamboni au linki ndefu ya kuelekea Zanzibar, hupata mawimbi yanayoakisiwa na uso wa bahari, na inaweza kufifia kwa sekunde chache mara kadhaa jioni moja. Ukiweka muda mfupi, saa itarukaruka kati ya njia mbili usiku kucha.

Urefu wa mnyororo nao una mpaka. Viwango vya kimataifa vinaruhusu vifaa 20 vya kawaida mfululizo kabla ya kuhitaji saa ya daraja la kati ya kusafisha mapigo. Mtandao wa mjini haufiki huko, lakini unaojivuta kwenda Kibaha, Chalinze na Morogoro unaweza kufika, kwa sababu kila saiti ina vifaa viwili au vitatu njiani.

Kama unahitaji awamu

SyncE haitoshi, kwa maana inabeba mwendo bila kujua pigo lilianza lini. Una njia mbili: GPS kila saiti, au PTP, yaani kupeana muda sahihi kwa paketi zinazopita kwenye mtandao. Kwa redio koli zinazorusha kwa pamoja, mimi ninapendelea GPS kila saiti, kwa sababu ya mduara. Mawimbi huchukua mikrosekunde 3.33 kwa kilomita. Linki ikikatika na sauti ikazunguka upande wa pili wa mduara, njia ikawa ndefu kwa kilomita 30, umeongeza mikrosekunde 100 za hewani pekee, bila kuhesabu ucheleweshaji wa vifaa. Katika P25 Phase 1 na DMR, ambavyo ni viwango vya redio koli za kidijitali, alama moja hudumu mikrosekunde 208, kwa hiyo umepoteza karibu nusu ya alama. GPS ikiwepo kila saiti, mtambo wa kati hubandika muda wa kurusha kwenye kila kipande cha sauti, na kila saiti husubiri muda huo ufike, njia iwe fupi au ndefu.

PTP inafaa pale ambapo GPS haiwezekani. Hupima muda wa kwenda na kurudi na kugawa kwa mbili, ikidhani njia mbili ni sawa. Zisipokuwa sawa, nusu ya tofauti inageuka kuwa kosa: kwenda kukizidi kurudi kwa mikrosekunde 2, saa yako imekosea mikrosekunde 1 na hakuna alamu itakayolia. Redio ya maikrowevu inayopitisha paketi za PTP kama paketi nyingine yoyote haifai kwa kazi hii, maana modulesheni ikishuka upande mmoja tu, usawa umevunjika. Tumia redio inayoshiriki PTP yenyewe na kusahihisha muda uliotumika hewani, na uiendeshe pamoja na SyncE ili mwendo utoke kwenye waya na awamu itoke kwenye paketi.

Pima kabla ya kukabidhi

Futa kaunta zote za mitelezo, andika muda, na uache mtandao usiku na mchana kamili. Saa 24 ni kiwango cha chini, kwa sababu joto la mchana na ubaridi wa alfajiri husogeza osileta, na kosa linaloonekana saa nane mchana halipo saa kumi na moja alfajiri. Kaunta zote ziwe sifuri. Moja tu si "karibu sifuri", ifuatilie.

Kisha vunja kwa makusudi, usiku, mkiwa mmewaarifu watumiaji. Chomoa antena ya GPS ya Posta na uangalie mduara ukigeuka kama nilivyoeleza. Irudishe. Zima linki ya Posta na Kigamboni. Irudishe. Kila mara subiri dakika zipite, soma kila kifaa kinafuata nani, na ulinganishe na karatasi. Mtandao ambao njia yake ya akiba haijawahi kujaribiwa hauna njia ya akiba.

Mitelezo ikionekana, hesabu kipindi chake kabla ya kitu kingine. Ikija kwa vipindi sawa, gawa mikrosekunde 125 kwa kipindi na utapata tofauti ya kasi. Ikiwa sehemu chache kwa milioni, kuna kifaa kimekaa kwenye saa yake ya ndani, na kipo kwenye linki ile tu inayoteleza. Ikija ovyo pamoja na makosa ya biti na kushuka kwa nguvu ya mawimbi, hapo ndipo tatizo liko hewani, na dishi linastahili kuangaliwa. Ikianza taratibu na kuongezeka siku hadi siku, tafuta kitanzi. Ikija baada ya umeme kukatika tu, angalia kama kifaa kimewaka na mipangilio ya kiwandani kwa sababu hakuna aliyehifadhi.

Kumbukumbu

Weka vifaa vyote vya mtandao kwenye saa ya kimataifa ya UTC au vyote kwenye saa ya Afrika Mashariki, ambayo iko saa 3 mbele. Kuchanganya ndiko kunakofanya tukio moja lionekane mawili. Kwenye daftari la saiti andika muda kwa mtindo wa 20:00, si "saa 2", maana anayesoma kesho anaweza kudhani ni asubuhi. Ukiona kifaa kimoja kiko mbele ya vingine kwa sekunde 18 kamili, kinaonyesha saa ya GPS bila kusahihishwa kwenda UTC. Kikiwa mbele kwa sekunde 37, kinasoma saa ya PTP ghafi. Vyote viwili hurekebishwa kwenye menyu, na havihusiani na mitelezo.

Siku saiti mpya inapoongezwa, tuseme Bunju au Mbagala, karatasi inachorwa upya kwanza, nakala za zamani zinabanduliwa milangoni, na majaribio ya kuvunja yanarudiwa kwa mtandao mzima, si kwa saiti mpya peke yake.